Kitanda cha Anord na Kware wa Pendo

Pale Mlandege, Iringa, ukiulizia nyumba ya Esta, watu watakutazama tu. Ulizia kwa Mama Anord, utapelekwa mpaka mlangoni. Ndilo jina lililomkaa tangu alipojifungua, na alijifungua mara moja tu. Jina halikumtoka hata mwenye jina alipokwenda machimboni Chunya asirudi.

Alikuwa mwanamke wa kujishikilia. Aliletwa mjini kutoka Kilolo akiwa mwali, kaolewa na Kasian fundi seremala, sanduku la bati kichwani na shingo imenyooka chini yake. Kusoma alisoma kitabu cha nyimbo za kanisa, basi. Herufi za gazeti alisema zimebanana kama watu wasio na adabu. Lakini hakuna jirani aliyewahi kumwona amekuja kuomba chumvi. Ikimwishia, alikula bila chumvi na kusema daktari ndiye aliyemkataza. Hata magoti yalipoanza kumsumbua hakushika fagio fupi la kumfanya ainame. Alijifungia chelewa kwenye mti mrefu akawa anafagia uwanja akiwa wima, maana kuinama, alisema, ni kwa Mungu na kwa jembe, wengine wote watamkuta amesimama.

Kasian alipokufa alimwachia nyumba, sanduku la vifaa vyake, na kitanda. Kitanda chenyewe alimtengenezea Anord alipofika umri wa kuacha kulala kwa mama yake. Kilikuwa cha mninga mtupu, hakina msumari hata mmoja, vigingi vya mbao tu vilivyoingia kwenye matundu yake vikakaa kimya. Anord alikulia hapo mpaka miguu ikawa inachungulia nje. Alipooa na kupanga chumba Ilomba, kule Mbeya, kitanda kilibaki, na kila alipokuja kumsalimia mama yake alilala hapohapo, amejikunja.

Halafu shimo la dhahabu kule Chunya likatitia. Ilikuwa mvua zimeanza. Waliokuwa karibu na mdomo walitolewa, mmoja wa katikati akatolewa mguu umevunjika, na Anord aliyekuwa chini kabisa akabaki. Maji yakajaa. Wenye shimo wakasema hapo hapaendeki tena.

Habari ililetwa Mlandege na Sedekia, mdogo wake marehemu Kasian, mzee wa kanisa. Wanaume wakaanza kutoa viti nje, wanawake wakajifunga kanga kiunoni kwa ajili ya jiko. Mama Anord akatoka akasimama mlangoni.

"Nani amemwona?"

Wanaume wakabaki na viti mikononi.

"Nauliza. Maiti ya mwanangu nani ameiona?"

Sedekia akasema, "Shemeji, shimo limejaa maji."

"Basi rudisheni viti ndani. Kwangu hakuna msiba."

Vikarudishwa. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumtajia habari ya matanga, na kila Jumamosi alifua shuka la kitanda cha Anord, akalianika, akalitandika. Kitanda hakilaliwi, shuka linafuliwa. Majirani wakazoea, kama watu wanavyozoea kilema.

Sasa huyo mke wa Anord aliitwa Pendo, binti wa Kisafwa wa palepale Ilomba. Baada ya shimo alikuja kwa mama mkwe na begi la nguo za mumewe. Aliingia kusalimia tu, akabaki. Alipika, alichota maji, alimkanda mzee magoti siku za baridi. Mtoto hawakujaliwa. Akiwa sokoni hakuna aliyejua amwite nani. Mke, mumewe yuko wapi? Mjane, msiba ulikaliwa lini?

Kwao wakamwita nyumbani. Wakamwambia, kama yule mtu amekufa, wenyewe wakae matanga, wayaanue, wakuachie kwa heshima. Kama yu hai, aje. Kulikuwa na mwanamume kule Ilomba, aliyefiwa na mkewe, fundi wa pikipiki, ameshapeleka maneno kwa kaka yake Pendo. Pendo angeweza kupanda basi asirudi, wapo waliofanya hivyo. Lakini alimwambia Sedekia, "Baba mdogo, nilipoingia kwenye nyumba hii niliombewa. Siwezi kutoka kama mwizi. Mwambieni Mama."

Sedekia akamwambia Mama Anord. Alimwambia akiwa amesimama karibu na geti.

"Anataka kuolewa, aolewe," Mama Anord akajibu. "Anord akirudi watajuana wenyewe. Lakini kuniambia mimi nimzike mtu ambaye hajafa, hapana."

"Shemeji, binti anateseka."

"Kwani nimemfunga kamba?"

Hakumfunga kamba. Kamba ilikuwepo vilevile, na wote watatu walijua nani anaishika.

Pendo alirudi kutoka kusalimia kwao amebeba boksi lenye matobo, limefungwa kwa utepe wa kanga. Ndani kulikuwa na kware. Fred, kaka yake, anawafuga Ilomba na kuuza mayai kwa watu wenye presha, akampa hao aanze nao.

Mama Anord akachungulia kwenye boksi akacheka. Ni kicheko ambacho hakikuwa kimesikika siku nyingi.

"Hawa? Hawa sisi Kilolo tulikuwa tunawatega kwenye ulezi. Unatega, unachoma, unakula na mifupa. Leo ndio wamekuwa wa kupangiwa chumba?"

"Wanataga kila siku, Mama. Ila wanataka keji yao. Fupi."

"Keji ndiyo nini?"

"Tundu, Mama. Fred anasema lisizidi shibiri kwenda juu. Na darini unaweka kitu laini, gunia au turubai. Wakishtuka wanaruka wima."

Mama Anord akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Shibiri. Ndege umlaze kama mkeka umekunjwa. Wewe hujazaliwa mimi nafuga kuku. Banda la kuku mtu anaingia amesimama, anafagia, anaokota mayai, anatoka. Sitapiga magoti kumwamkia kware."

Pendo akanyamaza. Kwenye nyumba ile kunyamaza ilikuwa kazi yake kubwa kuliko kupika.

Mama Anord akatoa sanduku la Kasian. Mabanzi ya paini aliagiza kwa wachana mbao, wavu akaufuata dukani kwa Shiraz, ambaye baba yake ndiye aliyekuwa akimuuzia Kasian hesi na gundi. Shiraz akamshauri achukue ule wa matundu madogo, miguu ya kware isije ikatumbukia. Hilo alilikubali, kwa kuwa lilitoka kwa mtu aliyemwamkia shikamoo kabla ya kutaja bei. Banda akalijenga mwenyewe nyuma ya jiko, na lazima isemwe, alilijenga vizuri. Nguzo zimenyooka, mlango unafunga kwa kitasa, sakafu imetandikwa maranda, na juu mabati mapya yanayong'aa, ameyagongelea moja kwa moja, bila gunia wala turubai chini yake.

Sedekia akaja kuliona. Akalizunguka, mikono nyuma, akamsalimu Kihehe.

"Kamwene, shemeji. Hili ni la kware au la twiga?"

"Twiga ni wewe na shingo yako hiyo. Una habari nyingine?"

"Sina. Nasubiri kuona kware akikanyaga ngazi."

"Utasubiri sana. Huko kwako hata kuku wanalala juu ya mti kama bundi, na mwenye nyumba yupo."

Pendo alicheka mpaka akafuta macho kwa kitenge. Ilikuwa siku nzuri. Kware walifunguliwa, wakakimbia huku na huku juu ya maranda, mmoja dume akapanda kwenye kipande cha tofali akalia kwa sauti kubwa isiyolingana na mwili wake. Kulipokucha kukawa na mayai, yale ya madoadoa, madogo kama pipi. Mama Anord aliyaokota mwenyewe, akampelekea mke wa mchungaji bila kusema yametoka kwa nani, ila alihakikisha ameonekana akipita nayo. Wiki zile alikuwa anaimba akiwa bandani, amesimama wima, na Pendo alianza kufikiri labda moyo wa mzee utalainika, labda ataweza kumwambia tena habari yake ya Ilomba.

Mvua ya mawe ikaja mchana, baada ya chakula. Wanaoijua Iringa wanaijua: kwanza baridi, kisha upande mmoja wa mbingu unakuwa wa kijani, kisha hakuna anayemsikia mwenziwe. Mawe yalipiga bati la nyumba, yakapiga bati la banda. Wanawake wale wawili walikuwa jikoni. Pendo alitaka kutoka, mzee akamshika mkono. "Utapasuliwa kichwa. Wako ndani, wamefunikwa."

Ilikaa kitambo, ikapita. Mabonde yakageuka meupe kama yamemwagiwa chumvi. Na kwenye ule ukimya ukasikika mlio kutoka bandani. Pu. Kimya kidogo. Pu.

Mama Anord akafungua kitasa. Walikuwa wametapakaa kwenye maranda, vichwa vimelowa damu, shingo zimelala vibaya. Kila mmoja alikuwa ameruka wima, kwa nguvu zake zote, akakutana na bati. Wachache walijibana pembeni, wamevimba manyoya. Na mmoja jike, jicho moja limefumba, alikuwa bado anaruka. Anajikusanya chini, anaruka, anagonga bati, anaanguka. Anajikusanya tena.

Mzee alimfuata kumshika, magoti yakamkatalia. Akageuka amwite Pendo, na kumbe Pendo alikuwa ameketi chini mlangoni, kwenye barafu, viganja vimeziba masikio.

Pu. Halafu kware yule hakuruka tena.

"Inuka," Mama Anord akasema. "Utapata homa."

Pendo hakuinuka.

"Si ungenilazimisha lile tundu lako fupi. Ungesema."

"Nilisema, Mama."

"Ulisema mara moja."

"Kwako watu wanasema mara moja tu."

Mama Anord akataka kukasirika, hasira ikamkosa. Akamtazama binti aliyeketi pale. "Kware ni kware. Fred atakupa wengine. Hivi kweli unalilia ndege?"

"Silii ndege."

"Unalia nini basi?"

Pendo akashusha mikono. Aliongea akitazama maranda.

"Mama, mimi nilikuwepo. Walinipigia simu, nikafika Chunya shimo limeshatitia. Lilikuwa na bomba la hewa, la chuma, linashuka mpaka chini. Alikuwa anagonga. Kwa nyundo, au kwa jiwe, sijui. Nililala kifudifudi nikaweka sikio kwenye bomba. Anagonga, anatulia, anagonga. Nikagonga na mimi, akajibu. Wanaume walichimba. Maji yakawa yanapanda kuliko wao wanavyochimba. Jua lilipokuwa linazama nikagonga, hakujibu. Nikagonga mpaka wakaja kuniondoa."

Barafu ilikuwa inadondoka kutoka ukingo wa bati, tone kwa tone.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza nani amemwona. Mimi sikumwona." Kisha akasema polepole, "Nikaona kama unaweza kukaa bila kujua, bora ukae. Nilimbeba peke yangu. Nilidhani naweza."

Mama Anord alishika nguzo ya banda lake, ile iliyonyooka, akashuka chini. Alishuka taratibu sana, goti moja kisha la pili, kama mtu anayeshusha mzigo ambao hana wa kumtua. Akaanza kuwaokota wale ndege mmojammoja na kuwaweka kwenye upindo wa kanga yake. Yule jike wa mwisho alikuwa bado na joto. Huyo alimshika kiganjani, akamlaza juu ya wenzake, akamfunika na pindo la kanga. Pendo akaja akapiga magoti kando yake. Wakaokota pamoja mpaka mzee akasema, "Nipe mkono, siwezi kuinuka." Ndiyo mara ya kwanza Pendo kumsikia akiomba kitu.

Jioni ile mzee hakula. Aliingia kwenye chumba cha Anord akafunga mlango.

Asubuhi Pendo aliamshwa na mlio wa kugonga. Alisimama katikati ya chumba mpaka akatambua ni nyundo ya mti, ile ya Kasian. Alikimbia akafungua mlango wa chumba cha Anord. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani. Shuka lilikuwa limekunjwa, limewekwa dirishani. Mama Anord aliketi sakafuni, miguu imenyooshwa mbele, anapiga vigingi vya kitanda kutoka upande wa pili, kimoja kimoja. Viligoma. Kasian hakuvitia ili vitoke. Lakini mzee naye alikuwa mgomvi.

"Mama, unafanya nini?"

"Njoo upime. Shibiri yako ndiyo ipi, hii?"

Ubavu wa kitanda ulikuwa wa kimo hichohicho. Pendo alipima kwa kiganja, akapima tena.

"Kasian alijenga tundu la kware bila kujua," mzee akasema. "Usilie juu ya mbao, zitavimba. Kamwite Sedekia aje na msumeno, huu wangu umepoteza meno. Na mwambie apite kwa mchungaji."

"Nimwambie nini mchungaji?"

Mama Anord alipiga kigingi, kikatoka, kikabingirika mpaka ukutani.

"Mwambie viti vitolewe nje."

Sedekia alikuja na msumeno, na maneno ya kufariji aliyokuwa ameyapanga njiani. Alipoona kitanda kimelala vipande aliyasahau yote. Alivua koti, akaketi sakafuni na shemeji yake, wakakata pamoja, yeye anavuta na mama anasukuma. Hawakutaniana. Mbao za chaga walizifanya sakafu. Mbavu zikawa kuta. Ule wavu wa Shiraz ukabanduliwa bandani, ukawa mbele.

Dari ndiyo iliyobaki. Pendo alileta gunia. Mama Anord akalikataa, akasema linanuka mbolea. Akafungua begi la nguo za Anord, lile lililokuja kutoka Ilomba, akatoa blanketi la kijivu ambalo lilikuwa limeanza kuliwa na nondo. Alilishika usoni kidogo. Kisha akalivuta juu ya mbavu za mninga, akalikaza, wakalibana pembeni kwa vigingi vilevile.

"Hizi nyingine," akasema, akifunga begi, "zinakwenda Kilolo."

Ziliwekwa Kilolo, kando ya Kasian, kwenye kaburi fupi kwa kuwa begi halina urefu. Mchungaji alisoma. Watu waliimba wimbo ambao Mama Anord aliujua bila kitabu, ila hakuuimba. Alisimama wima mwanzo mpaka mwisho, na mwanamke mmoja aliyesimama nyuma alinong'ona kwamba huyu mama ana moyo wa jiwe. Pendo alikuwa amemshika kiuno kwa nyuma, chini ya kanga, pasipoonekana, na yeye peke yake ndiye aliyejua uzito aliokuwa ameubeba.

Matanga yalianuliwa Mlandege. Sedekia akasimama mbele ya ndugu wa pande zote mbili, Fred akiwemo, akasema, "Binti yetu, ulikuja kwa maombi, na leo tunakuachia kwa maombi. Umemlinda mtu wetu, ukamlinda na mama yake. Hatukudai, hutudai." Watu wote wakamgeukia Mama Anord, maana neno la mwisho lilikuwa lake.

"Mimi sina hotuba," akasema. "Mlango uko wazi, Pendo apite. Nauona."

Siku ya kuondoka Pendo alifunga vitu vyake, halafu akaenda kwenye tundu la wale kware wachache waliopona, akachuchumaa.

"Mama, hawa nikuachie au niende nao? Watakusumbua. Watakutaka uiname."

"Utakwenda nao vipi? Kitanda hakipandi basi."

"Fred anaweza kuniazima boksi."

"Waache. Wamezoea blanketi." Kisha, akitazama kando, "Huyo fundi pikipiki wa Ilomba. Anaingia chini ya ardhi?"

"Hapana, Mama. Yuko barabarani tu, kwenye kibanda."

"Akae hukohuko."

Pendo akapiga goti kumuaga. Mzee akamwinua haraka, kwa ukali kidogo, kama anayemkataza mtoto kuchafua nguo, akamsindikiza mpaka getini. Hakumpungia mkono. Alisimama tu mpaka Pendo alipokata kona kwa Shiraz. Akabaki bado amesimama.

Hakuna aliyekuwa ameanika shuka Jumamosi ile. Mama Anord akarudi nyuma ya jiko na kopo la pumba. Akashika ukuta, akashusha goti moja, akashusha la pili, akafungua kimlango. Geti likajibamiza kwa upepo. Kware wakashtuka wakaruka wima wote kwa pamoja, wakagonga blanketi, wakaanguka, wakasimama. Haukusikika mlio wowote.

Alikaa pale chini, sikio karibu na mbao, anasubiri kama watagonga tena.